Oili ya Boti Kwenye Gari la Mkwe

Mimi ni mtu wa dizeli. Nimesema hivyo miaka mingi, msibani, harusini, kwenye foleni ya kivuko, mpaka watu wakazoea. Kijana wa mtaa wetu akitaka kununua pikapu, wazazi wake humtuma kwangu kama anavyotumwa mgonjwa kwa mganga. Ananipa shikamoo, namwitikia, ananiuliza, mzee, nichukue ya petroli au ya dizeli? Nilikuwa namjibu kabla hajakaa.

Shule niliishia darasa la pili, kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine. Hilo silionei haya. Ninayoyajua niliyajua kwa mikono. Nilianza ziwani nikiwa mshika mashine kwenye boti ya tajiri, nikapata boti yangu, nikapata ya pili, nikauza dagaa mpaka nikanunua pikapu ya dizeli, ile ya zamani isiyo na kompyuta wala vitaa vya kuwakawaka. Pikapu hiyo imebeba pamba, imebeba saruji, imebeba ng'ombe wagonjwa na maharusi, ila si kwa siku moja. Nyumba ninayolala imetoka mgongoni mwake. Kwa hiyo mtu akiisema vibaya dizeli, nilikuwa nasikia kama anaitukana nyumba yangu.

Maneno yangu yalikuwa haya. Dizeli ni dume la ng'ombe: halikimbii, linavuta. Ibebeshe mzigo, ipandishe kilima, utasikia inakohoa kidogo halafu inaendelea. Hainywi sana. Chuma chake ni kinene, na ukiibadilishia oili kwa wakati mtazeeka pamoja. Petroli ni mbuzi. Asubuhi inaamka upesi, sauti yake nzuri, inaruka huku na huku, lakini hebu mfunge mbuzi plau uone kama utalima. Na kiu yake! Watu walicheka, na mimi nikaongeza. Ubaya wa kuchekewa ndio huo, unaongeza.

Sasa aliyenunua petroli akawa mkwe wangu.

Nasema mkwe, yaani mke wa mwanangu wa pili. Mwanangu yuko migodini upande wa Geita, kurudi kwake ni mpaka apewe likizo. Mkewe anauza barafu. Anaichukua Nyakato alfajiri, mabonge makubwa, anayafukia kwenye maranda ya mbao, anafunika turubai, anavuka na kivuko mpaka Kamanga, anawauzia akina mama wanaonunua samaki mialoni, boti zinakoshusha, kule ng'ambo. Siku hizi wengine wanazunguka Usagara wapite darajani, lakini barafu haipendi kuzungushwa. Zamani alikuwa anakodi gari la mtu. Akajinyima, akaweka akiba, akataka lake.

Kabla hajanunua alifanya adabu. Kwetu Usukumani baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Hatupeani mikono. Hatukai kiti kimoja. Jina langu halitamki, na mimi akisema kitu simtazami usoni. Akiwa na neno analipeleka kwa mke wangu, na mke wangu analileta kwangu. Ndivyo lilivyofika na hilo.

"Mkwe wako anauliza, anunue gari gani?"

Nikasema dizeli. Nikaeleza mpaka chai ikapoa. Mke wangu akayapeleka yote, mkwe akashukuru, na baada ya siku chache akarudi na pikapu ya petroli.

Alikuwa na sababu zake. Pikapu za dizeli alizozimudu zilikuwa zimechoka, zimebeba mawe ya watu. Ile ya petroli ilikuwa bado nzima. Mzigo wake si saruji, ni barafu, na njia yake si ndefu: Nyakato, kivuko, mwaloni, nyumbani. Alitaka gari linalowaka mara moja alfajiri na lenye vipuri kila duka.

"Amefikiri," mke wangu akasema.

"Angefikiri angenisikiliza."

Tangu hapo nikawa na hadithi mpya ya barazani. "Kwangu kuna ugonjwa," nilikuwa nasema. "Umeegeshwa pale nyuma ya nyumba, una matairi manne." Watu walishika mbavu. Nilisema barazani, nilisema sokoni, nilisema kivukoni nikiwa na safari zangu za kule ng'ambo, kwa sauti, maana kwenye kivuko usiposema kwa sauti injini inakumeza. Sikufikiri kama maneno nayo yanashuka upande wa pili na kwenda mialoni.

Halafu pikapu yangu ikagoma. Pampu ya dizeli. Wanaojua wanajua, pampu ya dizeli ikifa haifufuliwi kwa waya na sabuni. Na aliyeiua ni mimi, kwa kununua dizeli ya madumu pembeni mwa barabara, ya bei nafuu, yenye maji na taka. Dizeli inavumilia mzigo, haivumilii uchafu. Nilikuwa nalijua hilo na nilinunua hivyo hivyo. Watu waliponiuliza gari liko wapi, nilisema linapumzika.

Likiwa limepumzika hivyo, mzee mwenzangu akafiwa na mkewe, kijijini mbele ya Usagara. Nilikuwa nimeahidi kupeleka mchele, viti na mapipa ya maji. Ahadi ya msiba haingoji pampu. Nikakaa nimejiinamia, nikiona aibu kwenda kukodi gari mtaani ambako kila mtu alikuwa amesikia habari za dume langu la ng'ombe. Mkwe akaleta ufunguo kwa mke wangu. Hakuweka neno juu yake. Aliuacha mezani, akaenda zake, na siku ile hakuuza barafu.

Mke wangu alitandika kitenge kwenye kiti cha dereva, nisije nikakalia anapokaa mkwe. Nikaondoka. Sitasema uongo, gari lilikwenda. Kwenye kilima nilikuwa nimejiandaa kubadili gia na kulitukana, nalo likapanda, na viti vyake, na mchele wake, na maji yake. Nikakasirika kidogo.

Msibani hawakunisamehe.

"Jamani, mzee wa dizeli kaja na petroli!"

"Nimeazima kijiko," nikasema, "sijabadili chakula."

Wakacheka, mpaka mfiwa mwenyewe akatabasamu, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimemfariji.

Sasa kuna desturi nyingine. Chombo cha mkwe hakirudi kitupu. Akikuletea bakuli la maharage, bakuli linarudi na karanga. Kwa hiyo wakati wa kurudi nilipita Buhongwa nikajaza tangi. Nilipofika nyumbani nikaona haitoshi. Yeyote anaweza kujaza mafuta. Nilitaka kuweka zawadi ya mtu anayejua.

Ziwani, petroli haiendi kavu. Mashine za boti nilizokulia mimi unachanganya petroli na oili ndani ya tangi moja, kwa sababu mashine haina pengine pa kuwekea oili. Usipochanganya inajitafuna, inakuacha katikati ya maji. Tajiri wangu wa kwanza alinizaba kofi kwa kusahau hilo, na kofi lile lilinifundisha kuliko mwalimu wangu wa darasa la pili. Tangu siku hiyo kichwani mwangu petroli na oili ni kama ugali na mboga. Nikafikiri, hawa vijana wanaendesha petroli kavu, ndiyo maana magari yao hayadumu, na hakuna mtu wa kuwaambia. Nikaingia stoo, nikatoa oili ya boti, nikamimina kwenye tangi kwa kukadiria na jicho. Jicho langu halijawahi kuwa na uchoyo. Nikalisogeza gari mbele, nikalirudisha nyuma, mbele, nyuma, ili ichanganyike, kama tunavyotikisa tangi la boti. Nikafunga kifuniko, nikafuta kwa kitambaa. Nikaamua sitamwambia mtu. Nilitaka ashangae tu jinsi gari lake linavyolainika.

Haikuchukua muda. Mke wangu akaniambia gari la mkwe linatoa moshi wa buluu.

"Petroli," nikasema.

Kesho yake likaanza kukosa moto, linaruka ruka barabarani kama lina kwikwi, na kitaa cha injini kikawaka.

"Petroli hiyo," nikasema.

Halafu asubuhi moja, likiwa linatoka kivukoni pale Kamanga, likazima kwenye lile bati la kushukia. Magari yote ya nyuma yakawa yanapiga honi. Abiria waliweka mizigo yao chini wakasukuma, huku wengine wakimtukana. Alisimama juani akitafuta wa kumvuta, barafu ikawa inachuruzika chini ya turubai mpaka barabarani. Mama mmoja aliyekuwa anaingoja aliharibikiwa sangara wake wote. Niliambiwa haya yote jioni, na nilisema pole, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa kama shabiki ambaye timu yake imefunga goli. Nalisema hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na kila nikilikumbuka natamani kuinuka nitoke nje hata kama mvua inanyesha.

Jumapili iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Baada ya sala tukakaa kwa chai na viazi vitamu. Nina rafiki mmoja mchokozi, tumezeeka tukitaniana. Akaanza.

"Mzee, nasikia ule ugonjwa wako umepanda homa."

"Homa gani? Umelazwa. Uko gereji."

"Lakini ulisema."

"Nilisema mpaka koo likakauka. Mtu akikwambia uji ni wa moto, wewe unataka kutia kidole?"

Mkwe alikuwa anapita na birika. Yule rafiki yangu akamgeukia. "Mama, pole. Gari limekuwaje?"

Mkwe akapiga goti kwa mbali, akaangalia chini. "Ni makosa yangu, baba. Nilinunua petroli ya dumu barabarani. Ilikuwa imechanganywa na vitu."

Mimi kwake siwezi kusema moja kwa moja, kwa hiyo nikauambia ukuta. "Ukuta, sikia. Mwenye gari hanunui mafuta ya dumu. Mafuta ya dumu ni ya watu wasiojua walifanyalo."

Nilisema hivyo mimi, na pampu yangu imekufa kwa dumu. Watu wakaitikia kwa vichwa kwamba mzee kasema. Mkwe akasema, "Nimesikia, baba," akainuka, akaendelea kuwamiminia watu chai. Kikombe changu alikijaza vizuri.

Watu walipoondoka, mke wangu alikuwa uani anaosha masufuria. Hakuinua kichwa.

"Umemaliza kuhutubia ukuta?"

"Nimesema kweli."

"Fundi alilimwaga tangi lote. Akamwita mkwe anuse. Harufu ya oili ya boti." Akaweka sufuria chini. "Hebu niambie, mtaa huu mwenye boti ni nani?"

Nikageukia mlango.

"Nakuuliza, mzee."

"Petroli bila oili inakula mashine," nikasema.

"Ya boti! Gari lina oili yake kule chini, kama lako. Wewe lako unalimwagia oili kwenye tangi la dizeli?"

Miaka yote hiyo nimelala chini ya pikapu yangu, nimefungua nati ya oili, nimemwaga ya zamani, nimeweka mpya, na hata siku moja sikujiuliza kama petroli nayo ina oili yake pale pale. Ningejiuliza vipi? Kitu unachokidharau hukichungulii uvunguni.

"Anajua ni mimi?"

"Alijua pale pale gereji. Akamwambia fundi ni dumu la barabarani, akaniomba na mimi nisikwambie. Alisema, baba alitaka kutenda wema."

"Na wewe mbona umeniambia?"

"Kwa sababu mimi si mkwe wako."

Nimewahi kupigwa, nimewahi kuibiwa nyavu, nimewahi kufukuzwa kwenye boti ya mtu nikiwa sina hata kandambili. Yote hayo nilijua pa kuyaweka. Hili sikujua. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kwenye nyumba yangu, mbele ya watu wa sala, nikimsema mtu kwa kosa langu, naye amepiga goti analipokea. Kama angesema kweli, ningebisha, ningepiga kelele, aibu ingetoka na jasho. Yeye aliifunika na mimi nikiwa ndani yake.

Nikasema, "Si gari limepona? Nitamtafutia kitu, yaishe."

"Limepona," mke wangu akasema. "Plagi mpya, tangi limeoshwa. Juzi alivuka bila shida. Akarudi na barafu yake."

"Kwa nini?"

"Akina mama wamehamia kwa muuzaji mwingine. Akiwaambia gari limepona, wanamwambia, baba mkwe wako mwenyewe, mtu wa magari, anasema lina ugonjwa. Tumwamini nani, wewe au yeye?"

"Nani amewapelekea maneno hayo?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyepaka matope ukutani na bado ameyashika mkononi. "Wewe. Kila ukipanda kivuko."

Akaongeza kwamba mkwe ameanza kuuliza mtu wa kulinunua lile gari. Barafu isiponunuliwa hairudi stoo kama mchele. Inakwisha. Biashara hiyo ndiyo inayolipa ada za wajukuu zangu, na ndilo jambo pekee ambalo yule mwanamke amelitafuta kwa mikono yake, kama mimi nilivyotafuta langu.

Nilikaa siku nzima bila kutoka. Nilijaribu kuandaa njia nyepesi. Nilifikiri kumtuma mtu. Nilifikiri kusema kivukoni, kidogo kidogo, kwamba lile gari siku hizi si baya. Lakini nilijua nilivyolisema lilipokuwa baya: nilipaza sauti, nilicheka, nilipiga makofi. Huwezi kutukana kwa kelele halafu ukaomba radhi kwa kunong'ona. Jioni nikamwambia mke wangu ampelekee mkwe neno kwamba kesho nakwenda naye ng'ambo.

Hapo ndipo desturi ikanifunga. Pikapu ile ina kiti kimoja kirefu, cha dereva na abiria, hakuna cha nyuma. Kukaa bega kwa bega na mkwe haiwezekani. Mkwe akarudisha jibu: atatafuta dereva wa siku moja, mimi nikae mbele na dereva, yeye atakaa nyuma kwenye barafu.

"Mwambie hapana," nikasema. "Gari ni lake, barafu ni yake. Mimi ndiye mzigo."

Alfajiri nikapanda nyuma. Makuli wa Nyakato walipanga mabonge, wakamwaga maranda, wakavuta turubai, na mimi nikakaa juu yake na koti langu la kanisani. Nilikuwa nimelivaa kwa heshima ya maneno niliyokwenda kuyasema. Baridi ya barafu haikuchelewa, ilipita turubai, ikapita suruali. Gari likawaka mara moja. Mjini watu walikuwa wanafungua maduka. Wapo walionitambua. Mmoja alipunga mkono nusu, akaushusha.

Kwenye kivuko hakuna pa kujificha. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akanisogelea.

"Babu, umeuzwa pamoja na barafu?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, babu. Umeuzwa?"

"Marahaba. Bado wanashindana bei."

Wakacheka, na kwa mazoea nikasikia mdomo unataka kuongeza. Nikaufunga. Mwingine akauliza, "Dume la ng'ombe liko wapi leo?" Nikamjibu limekufa, limekufa kwa dizeli chafu niliyolinywesha mwenyewe. Hakujua acheke au anipe pole. Mkwe alikuwa mbele, mikono kwenye usukani, hakugeuka.

Tulishuka Kamanga, lile bati likalia chini ya matairi, gari likapita bila kukohoa. Tukaenda mpaka mwaloni. Akina mama walikuwa pale na ndoo zao na mizani, samaki wameshaanza kuletwa. Gari la yule muuzaji mwingine lilikuwa limetangulia, na wengi walikuwa wamelizunguka. Walipotuona hawakusogea. Nilishuka kwa shida, miguu imekufa ganzi, suruali imelowa nyuma kama ya mtoto. Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa sawa.

"Mnanijua," nikasema.

"Tunakujua, mzee wa dizeli!"

"Nilisema gari hili lina ugonjwa. Nimesema mara nyingi. Nimekuja kusema si kweli. Lilikuwa zima. Mimi niliazima, nikalitia oili ya boti kwenye tangi, bila kuulizwa, bila kujua. Ndiyo maana lilizima. Mkwe wangu alisema ni dumu la barabarani ili anistiri. Hakununua dumu. Aliyenunua madumu ni mimi, na gari langu limekufa kwa hayo hayo."

Halafu sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Kwa hiyo babu, ugonjwa ulikuwa wewe?"

Waliangua kicheko mpaka wavuvi wakaacha nyavu kutazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kicheko kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa kile kile nilichokuwa nakitengeneza mimi miaka yote, sasa nikawa nimesimama upande wake wa pili.

"Ndiyo," nikasema. "Ulikuwa mimi."

Mama mmoja mnene, kanga kiunoni, akasogea. Hakuwa amecheka. "Mimi ndiye niliyeharibikiwa sangara," akasema.

"Mama, nisamehe. Nitakulipa..."

"Sijakuomba hela. Wale kule kwenye gari la muuzaji mwenzake hawakusikia. Sema tena."

Nikasema tena. Kwa sauti, kama kivukoni. Sauti yangu ilipasuka katikati, nikaendelea na iliyobaki. Nilisema gari zima, nilisema oili, nilisema mimi. Mara ya pili haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, kama mtu angedhani. Ilikuwa nzito, kwa sababu sasa nilijua ladha yake.

Wachache wakaja na ndoo. Mkwe akafunua turubai, akaanza kupasua barafu bila kusema neno, akiwapa kila mmoja kipande kikubwa kuliko alicholipia. Wengine walibaki kule walikokuwa. Yule mama wa sangara alisimama akaniangalia mpaka nilipomaliza, akaniambia, "Umesema, tumesikia. Lakini nimeshachukua kwa mwenzake wiki hii. Wiki ijayo nitaona." Akaenda. Hakuwa na deni la kunionea huruma.

Karibu nusu ya barafu haikuuzwa. Mkwe akaigawa kwa wavuvi badala ya kurudi na maji. Nikapanda tena nyuma, juu ya maranda yaliyolowa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza yule kijana atakayekuja kuniuliza petroli au dizeli, na nitamwambia nini. Ninachojua sasa ni kidogo. Anayebeba mzigo mzito mbali achukue dizeli, asiidanganye na mafuta ya madumu. Anayekwenda karibu na kusimama simama achukue petroli, aliache tangi lake lilivyo. Na aulize wengine pia.

Tulipokaribia nyumbani ilikuwa ile saa ya mchana wenzangu wanapokuwa wamekaa barazani kwa rafiki yangu mchokozi, na njia ya kuja kwangu inapita mbele yao kabisa. Mkwe akapunguza mwendo. Akakata kona kuingia uchochoro wa nyuma ya kanisa, ule wa mashimo, unaotokea uani kwetu bila mtu kukuona. Nilielewa. Alikuwa ananifunika tena.

Nikapiga bodi kwa kiganja, kama makuli wanavyopiga gari lisimame. Likasimama. Hakushuka, na mimi sikushuka. Kumwita siwezi. Tukakaa hivyo, injini ikiunguruma taratibu. Kupitia kioo cha nyuma niliona kisogo chake na kilemba chake, hakigeuki. Nikapiga tena, nikanyoosha mkono juu ya paa mpaka nikajua kivuli cha mkono kimeanguka kwenye kioo cha mbele, kidole kikielekea barabara kubwa.

Halafu akaweka gia ya kurudi nyuma, akatoka uchochoroni, akashika njia ya barazani, polepole, na mimi nikakaa wima juu ya turubai, koti la kanisani limejaa maranda, wakanitazama wote mpaka nikapita.